Trela la kambi lenye sola na jokofu: hesabu kwanza, spana baadaye

NI usiku wa tatu katika kambi ya Serengeti. Mpishi anafungua sanduku la barafu lililoondoka Arusha likiwa limejaa pomoni, anakuta maji. Kuku wanaelea, siagi imeyeyuka, na nyama ya kesho imeanza kubadili rangi. Wageni wamebakiza siku tatu, na bucha la kutegemewa liko mwendo wa saa kadhaa nyuma, huko Karatu.

Kwa kampuni kubwa ya utalii, hilo ni jambo la simu moja tu: gari la akiba litapakia chakula kingine na kufuata. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye Land Cruiser moja na trela moja, hiyo ni hasara ya safari nzima, na pengine ndiyo mwisho wa jina lake. Mgeni aliyeharishwa na chakula porini hatamletea mgeni mwingine.

Ndiyo maana trela la kambi lenye betri, sola na jokofu limekuwa chombo cha kazi, wala si anasa. Katika kambi maalumu za hifadhi za taifa hakuna bomba la maji, umeme wala duka. Kila kitu huingia na wageni na kutoka nao. Mwenye uwezo wa kuwalaza wageni usiku sita mbali na mji, akawapa nyama salama, maziwa baridi na simu zenye chaji, ana bidhaa ambayo mwenye sanduku la barafu hana.

Hata hivyo, wengi wanaoanza kazi hii huanzia mwisho. Hununua jokofu lililowapendeza, kisha hutafuta betri ya kuliendesha, kisha waya wa kuunganisha kwa fedha iliyobaki. Matokeo yake ni jokofu zuri lisilopoza na gari lisilowaka asubuhi.

Daftari la umeme

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme wa trela nao ni mali, na daftari lake huandikwa kabla ya kununua kitu chochote.

Kanuni ni rahisi. Chukua wati za kila chombo, zidisha kwa saa kitakazofanya kazi kwa siku, kisha jumlisha. Jokofu la sanduku la lita 40 hadi 50 linalotumia volti 12 huvuta kama wati 45 kompresa inapozunguka. Kompresa haizunguki muda wote; katika joto la mchana wa nyika, tukadirie saa 10 kati ya 24. Hizo ni wati-saa 450.

Taa nne za LED za wati 5 kila moja, zikiwaka saa tano, ni wati-saa 100. Simu na kamera za wageni, tuweke 100 nyingine. Pampu ndogo ya maji ya wati 60 ikitumika dakika 20 ni wati-saa 20. Jumla ni wati-saa 670 kwa siku. Ukigawa kwa volti 12 unapata karibu ampea-saa 56.

Namba hiyo ndiyo msingi wa nyumba. Kila kitu kinachofuata, yaani betri, sola, waya na fyuzi, hutokana nayo. Mteja akitaka na feni, au jokofu la pili la kugandisha, daftari hufunguliwa upya.

Jokofu la aina gani?

Yapo majokofu ya aina tatu yanayoweza kuingia kwenye trela, na kila moja lina tabia yake.

La kwanza ni jokofu la kawaida la nyumbani linaloendeshwa kwa inveta. Bei yake huvutia, lakini lina matatizo mawili. Kompresa yake inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kiwango kilichoandikwa, hivyo hudai inveta kubwa; na inveta yenyewe hula umeme hata jokofu likiwa limepumzika. Isitoshe, halikutengenezwa kwa kutikiswa.

La pili ni jokofu la gesi, lile linaloweza pia kutumia umeme. Halina kompresa, halina kelele, na likiwa kambini kwenye gesi hufanya kazi vizuri. Lakini hudai kusimama sawasawa; likiinama kwenye mteremko ubaridi hupungua. Likiwekwa kwenye umeme wa volti 12 hula sana kuliko la kompresa, na katika joto kali huchelewa kupoza. Zaidi ya hayo, moto wa gesi hautakiwi kuwaka gari likiwa kwenye mwendo.

La tatu ni jokofu la sanduku lenye kompresa ya volti 12 au 24. Kompresa za namna hii zilizojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Danfoss, na ambazo tangu mwaka 2010 zimeuzwa kwa jina la Secop, ndizo zilizozoeleka katika majokofu ya magari na boti. Jokofu hili hufunguka kwa juu, hivyo hewa baridi, ambayo ni nzito, haimwagiki kila mfuniko unapoinuliwa. Ni ghali, lakini kwa barabara zetu ndilo linaloshauriwa.

Ukuta ndio unaoshika ubaridi

Si kila mtu ataweza kununua jokofu jipya la aina hiyo. Wako mafundi wanaojenga sanduku wenyewe na kulifungia mtambo wa kupozea. Hapo siri haimo kwenye mtambo bali kwenye unene wa ukuta.

Chukua sanduku la urefu wa sentimita 80, upana 50 na kimo 45. Eneo la kuta zake zote ni kama mita 2 za mraba. Likijengwa kwa povu gumu la poliyurethani la sentimita 5, na nje kukawa na nyuzi joto 34 huku ndani zikitakiwa 4, joto linalopenya ni kama wati 30, mchana na usiku. Ukuta ukipunguzwa kuwa sentimita 2.5, joto hilo huwa maradufu, yaani wati 60.

Kwa lugha ya barafu, kilo moja ikiyeyuka hubeba joto la takriban wati-saa 93. Sanduku la ukuta mnene litakula karibu kilo 8 za barafu kwa siku. La ukuta mwembamba litakula kilo 15 na zaidi, kabla hata ya kuhesabu mfuniko unaofunguliwa kila mara. Kwa usiku sita, hizo ni kilo 90 za barafu ambazo trela haliwezi kuzibeba na mizigo mingine.

Mfuniko uwe na mpira mzuri wa kuzuia hewa. Njia rahisi ya kupima ni kubana kipande cha karatasi kwenye mfuniko na kukivuta. Kikitoka bila kukaza, mpira haufai. Na sanduku lolote, la kununua au la kujenga, lipozwe kwa umeme wa nyumbani siku moja kabla ya safari, na chakula kiingie kikiwa tayari baridi au kimegandishwa. Kuingiza nyama ya moto kutoka buchani ni kuimaliza betri kabla ya kufika Makuyuni.

Betri na sola

Turudi kwenye daftari: ampea-saa 56 kwa siku. Betri ya risasi na asidi, hata ile inayoitwa ya sola, haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa siku moja inatakiwa betri ya ampea-saa 112. Mtu mwangalifu huweka akiba ya siku mbili kwa ajili ya mawingu, hivyo betri mbili za ampea-saa 120 kila moja. Hizo ni zaidi ya kilo 60 kwenye trela.

Betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma zimebadili hesabu hiyo. Zinaweza kutumika hadi asilimia 80 bila kuumia, hivyo betri moja ya ampea-saa 150 inatosha kazi hiyohiyo kwa uzito usiofika kilo 20. Huvumilia mizunguko zaidi ya elfu mbili ya kujazwa na kutumiwa, wakati ile ya risasi ikishushwa nusu kila siku huhesabu mizunguko mia kadhaa tu. Bei ya kununulia ni kubwa, na chaja yake lazima iwe inayolingana nayo.

Betri ya kuwashia gari isitumike kwa kazi hii. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kutoa kidogokidogo usiku kucha. Ikishushwa mara kadhaa hufa.

Kwa upande wa sola, eneo letu la karibu na ikweta linaweza kukadiriwa kupata saa tano za jua kamili kwa siku wakati wa kiangazi. Ukiondoa upotevu wa joto, vumbi na waya, asilimia 70 hivi ndiyo hubaki. Wati-saa 670 zikigawanywa kwa saa tano na kwa 0.7 zinatoa wati 191, hivyo paneli ya wati 200 ndiyo inayofaa. Kipindi cha masika hesabu hiyo haitoshi.

Kosa la kawaida ni kufunga paneli juu ya trela na kuliegesha chini ya mgunga ili jokofu lipate kivuli. Kivuli cha tawi moja tu hushusha umeme wa paneli kwa kiasi kikubwa. Dawa yake ni paneli ya kubebeka yenye waya wa mita kumi: trela likae kivulini, paneli ikae juani.

Mnunuzi awe macho sokoni. Paneli ya wati 100 ya kweli, ikielekezwa juani saa sita mchana, hutoa karibu ampea 5 hadi 6 kwenye mita. Ikitoa 3, hiyo si ya wati 100, hata kama maandishi yanasema hivyo. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 huwa na uzito unaokaribia kilo 30. Ikiinuliwa kwa mkono mmoja kama kikapu, ndani hamna risasi ya kutosha.

Waya mwembamba, hasara nene

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Betri ya trela inatakiwa pia ijazwe na altaneta wakati gari likitembea. Kutoka kwenye boneti hadi kwenye trela ni kama mita 8, na umeme huenda na kurudi, hivyo ni mita 16.

Fundi akitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, na betri ikavuta ampea 15, volti 1.7 hivi hupotelea njiani. Altaneta inatoa volti 14.2, betri inapata 12.5. Kwa volti hizo betri haijai hata gari litembee kutwa. Kwa waya wa milimita 16, upotevu ni karibu robo ya volti tu. Tofauti ya bei ya waya ni ndogo kuliko bei ya betri iliyokufa kwa kutojaa.

Magari mapya yenye altaneta inayoongozwa na kompyuta yana tatizo jingine: altaneta hupunguza nguvu mara betri ya gari inapojaa. Kwa magari hayo, na kwa betri zote za lithiamu, huwekwa chaja maalumu ndani ya trela inayopokea umeme wa gari na kuupandisha hadi kiwango kinachotakiwa.

Kati ya betri ya gari na ya trela lazima kuwe na rilei ya kuzitenganisha injini inapozimwa. Bila hiyo, jokofu litakula betri zote mbili usiku, na asubuhi gari halitawaka. Katikati ya hifadhi, ambako wageni hawaruhusiwi kushuka na kusukuma gari, hilo si jambo la kuchekesha.

Fyuzi ziwekwe karibu kabisa na betri, upande wa chanya, pande zote mbili za waya mrefu. Betri iwe kwenye sanduku lake lenye tundu la hewa, kwa kuwa betri ya risasi inapojazwa hutoa hewa inayoweza kuwaka. Mtungi wa gesi ya kupikia ukae upande mwingine, nje.

Barabara haina huruma

Trela linalofaa lami halifai barabara ya changarawe kati ya Naabi na Seronera, yenye vijituta vinavyofuatana kama rasta kilomita hadi kilomita. Mtikisiko huo hufungua nati, hukata waya na kuvunja springi.

Nati ziwe za kujikaza. Waya zipite ndani ya bomba, zifungwe kila baada ya sentimita 30 hivi, na zisiguse bati lenye makali. Jokofu lifungwe kwa mikanda juu ya mpira, kwenye droo ya reli inayolivuta nje ili mpishi asiinamie ndani ya trela.

Uzito upangwe. Kama asilimia 10 ya uzito wa trela ndiyo inayotakiwa kulalia kiungio cha gari. Ukizidi, nyuma ya gari inalala, na ukipungua, trela linayumba. Betri na matangi ya maji yakae karibu na ekseli. Magurudumu yafanane na ya gari, kwa ukubwa na idadi ya bolti, ili tairi moja ya akiba itumike pande zote. Beringi zipakwe grisi kabla ya kila safari ndefu.

Vumbi nalo ni adui. Jokofu linahitaji hewa ya kutoa joto, hivyo haliwezi kuzibwa kabisa. Wengi huacha tundu lenye chujio upande wa mbele, hewa iingie kwa nguvu ya mwendo na kulizuia vumbi kupenya nyuma. Chujio lisafishwe kila jioni.

Trela lolote la barabarani linatakiwa kusajiliwa TRA na kuwa na taa zinazofanya kazi. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, nyama ipakiwe kwenye vyombo vyenye mifuniko, mbichi chini na iliyopikwa juu, damu isidondokee saladi.

Mkulima na mfugaji wafanye nini?

Mkulima anaweza kujiuliza kama mtambo huu ungembebea maziwa. Jibu ni ndiyo na hapana. Lita 100 za maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, yenye nyuzi 35, yakishushwa hadi nyuzi 4 hutoa joto la takriban wati-saa 3,500. Jokofu dogo linaloondoa wati 75 hivi za joto lingehitaji karibu siku mbili. Maziwa yangeganda zamani. Kazi hiyo inahitaji karibu kilo 38 za barafu au tangi la kupozea. Lakini maziwa yaliyokwisha kupozwa, au mtindi uliofungashwa, jokofu la trela litayashika baridi hadi mnadani.

Chanjo ndiyo mahali pake hasa. Chanjo nyingi za mifugo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na nyingine huharibika zikiganda, hivyo zisigusane na ukuta wa jokofu na kipimajoto kiwepo ndani. Asidanganyike mtu kuhusu chanjo ya ndigana kali na mbegu za kupandishia ng'ombe: hizo hutunzwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, na hakuna jokofu la betri litakalozifaa.

Italipa lini?

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Tuseme jokofu, betri, sola, waya na ufundi vimegharimu Sh4,000,000, na mwenye trela anaongeza Sh40,000 kwa kila usiku wa kambi kwa ajili ya huduma hiyo. Anahitaji usiku 100 kurudisha fedha. Akipata safari kumi za usiku tano kwa mwaka, ni miaka miwili.

Miaka miwili hiyo ndiyo mtihani. Betri ya risasi iliyozoeshwa kushushwa kabisa inaweza kufa kabla haijatimia, na deni likaanza upya wakati lile la kwanza halijaisha. Kwa hiyo kipimo cha volti cha bei ndogo, kilichofungwa mahali mpishi anapokiona, kinalinda mtaji kuliko kufuli. Betri ya risasi iliyopumzika ikionyesha volti 12.7 imejaa, ikifika 12.2 imebaki nusu, na hapo taa za mapambo zizimwe, jokofu libaki.

Kati ya Machi na Mei wageni wanapopungua, trela lisilale uani. Jokofu hilohilo linaweza kuuza soda na mtindi baridi kwenye minada ya mifugo, au kukodishwa kwa sherehe za vijijini zisizofikiwa na umeme, mradi mwenye nalo awe na leseni ya halmashauri na asisahau kwamba jua la masika ni la kubahatisha. Usiku hamsini kwa mwaka ukiongezewa siku ishirini za mnada, hesabu ya miaka miwili inaanza kusogea karibu.

Anayetaka kuanza asikimbilie karakana. Aanze na karatasi na kalamu, aandike vyombo vyake, wati zake na saa zake. Kisha ajaribu mtambo wote nyumbani, uani, kwa siku tatu bila kuunganisha umeme wa TANESCO, jokofu likiwa limejaa chupa za maji. Kikimwangusha uani, atapoteza chupa za maji tu. Kikimwangusha Seronera, atapoteza wageni.